Kubuni na Kunadi katika Bonde la Rukwa

Lipo zoezi moja ambalo siku hizi limeingia katika madarasa ya sekondari, hasa katika somo la biashara. Mwalimu huwagawa wanafunzi katika makundi. Kila kundi hutakiwa kubuni bidhaa ambayo haijapata kuuzwa, kuipa jina, kuichora, kuitia bei, kisha kusimama mbele ya wenzao na kuinadi. Zoezi lina uchangamfu mwingi. Mtoto mnyamavu husikika sauti yake, na mwenye ulimi mwepesi huvuna makofi. Walio wengi huliita jambo geni lililoletwa na mitaala ya majuzi. Mimi naliona lina ukoo mrefu, na ukoo huo ukichunguzwa kutoka mahali kama Galula hueleza kwa nini makofi yakiisha aghalabu hakibaki kitu.

Galula imo katika Wilaya ya Songwe, katika mkoa wenye jina hilohilo uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni nchi ya bondeni, yenye joto, ambamo mto Songwe hupita ukielekea ziwa Rukwa. Wala si ule Songwe mwingine wa mpakani uingiao ziwa Nyasa. Msafiri apitaye leo huona mashamba, misheni kongwe ya Wakatoliki, na vijana ambao macho yao yameelekea machimbo ya dhahabu. Ni rahisi kwake kudhani kuwa hapa ni mahali pa kupokea vitu vilivyobuniwa kwingine. Historia ya bonde hili inakana dhana hiyo.

Tuanze na chumvi. Huko Ivuna, karibu na ncha ya kusini ya ziwa, katika wilaya ambayo sasa ni Momba, watu walichuja maji ya chumvi na kuyachemsha vyunguni tangu karne ya 13 au karibu yake. Jambo hili lilithibitishwa na uchimbaji wa mambo ya kale ambao Brian Fagan na John Yellen walitangaza matokeo yake mwaka 1968. Chumvi ilipanda nyanda za juu kwa watu wasiokuwa na chumvi, na mali ya nyanda za juu ikashuka.

Chuma ni habari ndefu zaidi, na ningependa msomaji akae nayo kidogo. Ng'ambo ya magharibi ya ziwa, katika Ufipa, wahunzi walijenga tanuri la udongo lipitalo kimo cha mtu, liitwalo ilungu. Kwa kawaida tanuri la chuma huhitaji mivukuto, na mivukuto huhitaji mikono ya wanaume isiyopumzika. Ilungu halikuvukutwa. Matundu yaliachwa chini yake, na joto la makaa likipanda katika mnara ule lilivuta upepo wenyewe ukaingia. Tanuri likafanya kazi kwa pumzi yake. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilihamishwa katika tanuri la pili, dogo, liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika ili kukitakasa. Basi mikono ya watu iliwekwa mahali ilipohitajiwa, ikaondolewa mahali ambapo upepo ungeweza kutumwa bure. Sijui ni jina gani lingine tuwezalo kulipa jambo hili isipokuwa ubunifu. Majembe yaliyofuliwa kwa chuma hicho yalilima, yalibadilishwa kwa mali nyingine, na yalitolewa mahari.

Tena kulikuwa na nguo. Kandokando ya Rukwa na katika Ufipa pamba ilisokotwa na kufumwa kwa mkono, na katika karne ya 19 mafundi hao walikuwa bado kazini wakati pwani yote imekwisha kujaa merikani, kitambaa cha viwanda vya Massachusetts kilichokuja Unguja kwa majahazi ya wafanyabiashara wa Salem. Umbali kutoka pwani uliwafaa wafumaji wa bara kwa muda, kisha haukuwafaa tena. Merikani ilishinda kwa bei, na katika lugha yetu iliacha jina lake, ambalo ni ushindi wa pili.

Kinachonipendeza katika kazi hizi tatu ni kwamba kubuni, kutengeneza na kunadi vilikaa katika mikono iliyo karibu. Mhunzi hakusifia jembe la kuchora. Mwenye chumvi alikutana uso kwa uso na mtu aliyetembea siku kadhaa, ambaye alikuwa na hiari ya kuonja na kukataa. Sifa iliruhusiwa, na nadhani ilitiwa chumvi vilevile, lakini nyuma ya sifa palikuwa na kitu cha kushika.

Shule ndiyo iliyoitenganisha mikono hiyo, nayo haikufanya hivyo kwa siku moja. Wakati wa utawala wa Waingereza palisemwa mengi juu ya elimu inayolingana na maisha ya kijiji. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki mwaka 1924 ikishauri hivyo, na shule ya Malangali, katika nyanda za juu za kusini, ilifanywa mahali pa majaribio tangu mwaka 1928. Wazazi wengi waliitilia shaka elimu ya namna hiyo, wakaona kwamba mtoto wao anafunzwa jembe ili karani awe mtoto wa mwingine. Shaka yao haikukosa msingi.

Mwaka 1967 Julius Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Maandishi hayo husomwa kana kwamba yalitaka mashamba tu. Yalitaka mashamba na karakana, ni kweli. Lakini yalitaka pia kijana mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kwa wengine akachukua kinachomfaa na kukataa kisichomfaa, tena ajiaminiye. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliikaza kamba kwa kuifanya kazi kuwa sehemu ya kupimwa kwa mwanafunzi. Katika utendaji, shule nyingi zilishika jembe zikaacha udadisi. Wanafunzi walilima walichoamriwa, kwa namna waliyoamriwa, na mavuno yakaandikwa katika daftari la mwalimu. Hiyo ilikuwa kutengeneza pasipo kubuni.

Zoezi la leo limeligeuza kosa hilo juu chini. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, pamoja na mitaala iliyoifuata, imelipa somo la biashara nafasi kubwa kuliko ya kwanza, na darasa sasa hubuni kwa wingi. Lakini kinachobuniwa huishia katika karatasi ya manila. Ni kubuni pasipo kutengeneza, na hakimu wake ni mwenzako wa dawati moja, ambaye hana senti mfukoni wala haja ya kile kitu.

Kisa kimoja cha kweli hufundisha kuliko hoja zangu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe kabla ya kuyaweka katika jokofu. Siku moja nafasi jokofuni ilikuwa haba. Mpemba akaweka maziwa yake yangali moto, nayo yakaganda mbele ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamweleza kuwa yeye huyaweka maziwa yakiwa moto kusudi, ili yagande upesi. Mwanafunzi alikuwa na swali, na mchuuzi alikuwa na ushuhuda wa kila siku. Ila hapakuwa na darasa la kuwakutanisha.

Alipofika Mkwawa, Iringa, Mpemba aliuliza tena, na jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Wenzake wakalifanya jina lake kuwa jina la kila kosa darasani. Aliuliza mara nyingine mbele ya mgeni, Denis Osborne, wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka, lakini mgeni alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha habari hiyo, na tangu hapo wataalamu wa nchi nyingi wamebishana juu yake hata leo, wengine wakishuhudia na wengine wakikana. Kubishana huko hakupunguzi kitu. Mpemba hakuagizwa kubuni. Alikuwa na maziwa halisi, haja ya kuyala, na wivu wa nafasi ya jokofu.

Kwa shule za bonde la Rukwa maana yake ni nyepesi kutekelezwa kuliko inavyodhaniwa. Zoezi lihamishwe kutoka ubaoni hadi siku ya mnada. Kila kundi lichague kero moja iliyopo, kwa mfano pumba zinazorundikana mashineni mpunga ukikobolewa, au samaki wa ziwani wanaooza kabla ya kufika barabarani. Litengeneze kitu kimoja, hata kama ni kibovu, likipeleke mbele ya mama mchuuzi na mwenye mashine. Walimu watasema kwamba muda hautoshi na mtihani haungoji. Ni kweli, mtihani haungoji. Lakini mama yule ana maswali ambayo mtihani hauna: kinadumu muda gani, kikivunjika kinatengenezwa na nani, na kwa nini anunue kwenu asinunue kwa yule wa jana. Kundi litakalorudi shuleni na maswali hayo, kitu chake kikiwa hakijanunuliwa, lipewe wiki nyingine na udongo zaidi.