Kinywa cha Mshenga, Mfuko wa Bwana Harusi

Barua ya posa haipitii posta. Katika miji mingi ya Tanzania hutiwa ndani ya bahasha pamoja na noti chache za kishika uchumba, kisha bahasha hufungwa katika leso nyeupe ambayo haijawahi kutumika. Mshenga huipokeza kwa mikono miwili, akarudi kukaa, akanyamaza. Jina lililo chini ya barua ni la kijana anayeoa, lakini kijana mwenyewe hayupo. Yuko kwao, simu mkononi, akingoja kuambiwa kama ameitikiwa.

Kutokuwepo kwake huko ni jambo la kale. Katika pwani ya Waswahili mwanamume anayeoa ndiye aliyekuwa chanzo cha shughuli nzima, na papo hapo ndiye mwenye neno dogo kuliko wote waliohusika. Yeye alitoa, wengine wakapanga. Ilichukua muda mrefu kabla hajaanza kuulizwa mali yake iende wapi.

Maelezo mapana ya harusi za zamani yako katika Desturi za Waswahili, kitabu kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Anayesoma leo habari za ndoa katika zama hizo atashangaa kuona jinsi shughuli ilivyojaa watu: baba, wajomba, washenga, makungwi, masomo, wapishi. Bwana harusi huonekana hasa pale panapotakiwa kitu kutolewa.

Na vya kutolewa vilikuwa vingi. Kwanza mahari, ambayo kwa sheria ya Kiislamu ni mali ya mwanamke mwenyewe. Aya ya 4 ya Surat An-Nisaa inaagiza wanawake wapewe mahari yao. Inaweza kulipwa papo hapo, au sehemu yake ikabaki deni shingoni mwa mume. Lakini kando ya mahari zilikuwapo ada, na hizo hazikutoka katika fikihi. Zilitoka mitaani, kwa wazee, na kila moja ilikuwa na mwenyewe.

Baba wa bibi harusi alipewa kilemba. Neno hilo ni la kitambaa cha kichwani, lakini lilikwishapanuka hadi kwa malipo ya heshima anayopewa fundi na mwanafunzi aliyehitimu kazi, na hata leo apangaye fremu ya duka katika mji wa biashara anaweza kudaiwa kilemba. Mama alipewa mkaja na ubeleko. Mkaja ni nguo anayojifunga mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kubebea mtoto mgongoni. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu majina hayo yamebeba wazo zito. Mtu aliyekuja kuoa aliambiwa waziwazi, kwa majina ya nguo, kwamba msichana huyu alizaliwa kwa uchungu, akafungiwa tumbo, akabebwa mgongoni mpaka akatembea. Hakuwa akimnunua. Alikuwa akiwashukuru waliomlea, hatua kwa hatua. Leo watu husoma orodha ya mahari haraka kama risiti ya duka, na maana hiyo inapotea. Ni hasara kubwa.

Siku ya harusi yenyewe ilikuwa na milango yake. Bwana harusi alifika amevaa kanzu, joho na kilemba, jambia kiunoni, na nyuma yake kundi la ndugu na rafiki. Kwa wakubwa wa Lamu na Pate siwa ilipulizwa, ile baragumu kubwa ya shaba au ya pembe za ndovu. Fahari yote hiyo iliishia kwenye kizingiti cha chumba. Hapo palisimama kungwi wa bibi harusi, na hakuwa na haraka. Alitaka kifungua mlango. Palikuwa pia na kiosha miguu, ada ya kuoshwa miguu bwana harusi anapoingia, na mwisho kipa mkono, tunu anayompa mkewe wanapokutana. Siku hiyo wanawake walioshika mlango walikuwa na uwezo ambao hakuna mwanamume wa ukoo aliyeweza kuupinga. Bwana harusi asiye na reale, au rupia katika miaka ya baadaye, angebaki nje na joho lake.

Kisha ikaja fungate. Vijana wa leo wanaposema fungate huwaza hoteli ya ufukweni, lakini neno lenyewe ni hesabu: ni saba ya Kibantu, iliyotumika kabla saba ya Kiarabu haijashika. Zilikuwa siku saba za kukaa ndani, na chakula chote kikitoka kwa wazazi wa mke. Mtu aliyekuwa akitoa tangu posa sasa alikuwa mgeni wa kulishwa.

Lamu desturi ilikwenda mbele zaidi. Katika familia za waungwana wenye nyumba za mawe, baba ndiye aliyemwandalia bintiye nyumba, na mara nyingi sehemu ya juu ya nyumba ya wazee iliongezwa kwa ajili hiyo. Sherehe ya mume kwenda kwa mkewe iliitwa kuingia nyumbani, na jina linasema kweli: nyumba ilikuwa ya mwanamke, mwanamume ndiye aliyeingia. Kwa mpangilio huo, kusema kwamba bwana harusi alipanga harusi yake kungewachekesha wazee wa mji.

Mtoro bin Mwinyi Bakari mwenyewe alioa mbali na hayo yote. Mwaka 1904, akiwa Ujerumani, alifunga ndoa na Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mtu aliyeandika kwa makini habari za kilemba na mkaja alioa ugenini, mbali na ukoo wake. Mwaka uliofuata walisafiri kwenda Afrika Mashariki, na serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka pamoja kama mume na mke. Walirudi Ujerumani, naye akafia Berlin mwaka 1927. Ni vigumu kuisoma habari hiyo bila kuumia. Bwana harusi wa Bagamoyo alizoea kulipa ili afunguliwe mlango. Huyu alikuta mlango wa nchi yake mwenyewe umefungwa, na haikuwapo ada ya kuufungua.

Huku nyuma, fedha zilianza kubadilisha mambo. Katika makabila mengi ya bara, ng'ombe wa mahari walikuwa wa zizi la baba na wajomba, kwa hiyo kijana alioa wakati wao walipotaka na mahali walipopenda. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Victoria mwaka 1901. Mashamba ya mkonge ya Tanga, bandari na nyumba za Wazungu zikataka vibarua. Kijana aliyefanya kazi miaka miwili alirudi na shilingi mfukoni, zake, na akaweza kumwambia baba yake jina la msichana anayemtaka. Mshenga hakuondoka, ila sasa alitumwa na kijana kama alivyotumwa na mzee.

Mshahara ulileta pia mashindano. Mombasa na Zanzibar, ngoma za harusi na karamu zilizidi kuwa ghali, mtaa ukitaka kuushinda mtaa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni wa Mombasa aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikuwa miongoni mwa waliokemea ufujaji wa mali katika sherehe.

Baada ya uhuru, dola nayo ilimtaka bwana harusi aje mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na inasema kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu tu desturi za mahari hazikutimizwa. Kenya, katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, iliridhika na sehemu ndogo tu ya mahari kuwa uthibitisho wa ndoa ya kimila. Mbele ya msajili mshenga hawezi kutia saini. Kanisani pia ni hivyo: ndoa hutangazwa kwa Jumapili kadhaa, na wachumba wote wawili huhudhuria mafundisho.

Lakini kilichomtia bwana harusi katikati ya mipango kuliko sheria yoyote ni kamati ya harusi. Tanzania Bara imeifanya kuwa chombo kamili: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ndogo za chakula, mapambo na usafiri. Kwa kawaida upande wa mwanamke hubeba sendofu na kitchen party, na upande wa mwanamume hubeba harusi yenyewe. Vikao hufanyika jioni kwenye baa au ukumbi mdogo, soda na bia mezani. Mweka hazina husoma ahadi katika safu moja na fedha taslimu katika safu nyingine, na safu ya pili siku zote ni fupi. Kisha huulizwa swali ambalo babu wa kijana hakuulizwa hadharani: bwana harusi mwenyewe ana shilingi ngapi mkononi? Hutaja kiasi mbele ya wafanyakazi wenzake, mabosi na majirani, na kwa kiasi hicho huamuliwa ukumbi gani ukodiwe, ndafu iwepo au isiwepo, na kadi ya mtu mmoja na ya wawili ziwe bei gani.

Ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa aliyetoka katika desturi za Wachagga wa Kilimanjaro, sasa hukatwa katika harusi za watu ambao hawajawahi kuuona mlima. M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, iliondoa udhuru wa kusema hukuonana na mweka hazina. Makundi ya WhatsApp yakamalizia. Jina la asiyechanga hubaki kwenye orodha, bila alama, likisomwa na watu mia. Mchango ulioanza kama bega la ndugu umekuwa kwa wengi deni la kila mwezi, na jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti kwenye vikao vyenyewe.

Zanzibar na Mombasa, mzigo wa bwana harusi una umbo la begi. Kabla ya harusi hupeleka masanduku ya nguo na vitu vya mkewe mtarajiwa: doti za kanga, magauni, viatu, mikoba, manukato, udi, dhahabu kwa mwenye uwezo. Wanawake wa upande wa pili hufungua, hutoa kitu kimojakimoja na kukiinua wote wakione, vigelegele vikipanda au kupungua kulingana na kinachoinuliwa. Zamani ununuzi huo ulikuwa kazi ya shangazi na dada za mwanamume, na yeye alitoa fedha tu.

Sasa wengine huenda wenyewe. Mwanamume aliye kazini Muscat huoneshwa vitambaa kwa video na huchagua rangi. Aliye Dar es Salaam huingia Kariakoo mchana wa Jumamosi, orodha kwenye simu, na katika mfuko wa shati ana uzi uliokatwa sawa na urefu wa unyayo wa mchumba wake. Muuzaji huuchukua, huunyoosha ndani ya kiatu kutoka kisigino hadi kidoleni, hutikisa kichwa, na kupanda ngazi kuleta kingine.