Mistari Miwili Chini ya Skrini

Mwaka 1969, Ken Thompson alipokuwa akiujenga mfumo endeshi wa Unix katika maabara ya Bell Labs, Murray Hill, New Jersey, kuzungumza na kompyuta kulipitia Teletype Model 33. Hiyo ilikuwa mashine ya kupiga chapa, yenye kelele nyingi, iliyochapa kila kitu kwenye karatasi kwa kasi ya herufi 10 kwa sekunde. Ukurasa wenye herufi 2,000 ulichukua zaidi ya dakika tatu kutoka.

Ndiyo maana kihariri cha maandishi alichokiandika Thompson, ed, ni kimya mno. Hakikuonyeshi maandishi yako mpaka ukiombe, na mara nyingi unataja namba ya mstari unaoutaka. Ukikosea, kinakujibu kwa alama ya kuuliza peke yake, bila neno. Wengi wamekicheka kwa ububu huo. Mimi naona ilikuwa busara: pale ambapo kila herufi inasubiriwa, porojo ni hasara.

Skrini zilipoanza kuenea, ukimya huo ukakosa sababu. Huko London, katika chuo cha Queen Mary, George Coulouris alichoka kuhariri maandishi asiyoyaona. Mwaka 1976 aliigeuza ed ikawa em, akisema kwa mzaha kwamba hiki sasa ni kihariri cha binadamu wa kawaida. Kiangazi cha mwaka huohuo alikwenda nayo Berkeley, California, na huko ikamvutia mwanafunzi aitwaye Bill Joy. Joy na mwenzake Chuck Haley waliichukua, wakaifumua na kuisuka upya. Mwishowe ikapatikana ex, na ndani yake Joy akaweka namna ya kuhariri huku skrini nzima ikionekana. Namna hiyo ndiyo vi.

Anayeikuta vi leo hudhani imetungwa na mtu mwenye roho mbaya. Kitufe kilekile mara kinaandika herufi, mara kinafuta, kutegemea uko katika hali gani. Lakini tazama kifaa cha Joy. Terminali yake, ADM-3A, ilikuwa na mishale iliyochorwa juu ya vitufe vya H, J, K na L, na hadi leo herufi hizo ndizo zinazosogeza kishale katika vi. Kitufe cha Esc kilikaa pale ilipo Tab siku hizi, karibu kabisa na kidole. Na modemu yake ilipitisha herufi kama 30 tu kwa sekunde, kwa hiyo amri ya herufi moja ilikuwa nafuu kubwa.

Uzao wa vi umefika hata kwetu. Mholanzi Bram Moolenaar alitoa Vim mwaka 1991, kisha akaenda kujitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Ukiifungua Vim bila faili, ukurasa wa kwanza hukuomba uwasaidie watoto wa Uganda.

Lakini wala ed wala vi hazikumfikiria karani. Kazi hiyo ilifanyika Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambako mwaka 1989 walianza kutengeneza Pine, programu ya barua pepe ya kutumiwa na watumishi wa ofisini pia. Sehemu yake ya kuandikia barua iliitwa Pico. Ukibonyeza herufi, inaandikika. Chini ya skrini kuna mistari miwili inayotaja vitufe vya kupata msaada, kuhifadhi na kutoka. Kwangu mimi, mistari hiyo ni hatua kubwa kuliko werevu wote wa vi.

Kasoro ilikuwa leseni: haikuruhusu watu kuirekebisha Pine na kuisambaza watakavyo, hivyo Debian, wasambazaji wa Linux wenye msimamo mkali kuhusu programu huria, hawakuiweka katika mkusanyo wao mkuu. Mwishoni mwa 1999 Chris Allegretta akaandika upya kihariri kinachofanana na Pico, na Januari 2000 kikapewa jina la nano. Mwaka uliofuata kiliingia katika GNU, mradi wa programu huria. Fedora 33, toleo jingine la Linux, ilipotoka mwaka 2020, nano ilichukua nafasi ya vi kama kihariri cha kawaida.

Hata hivyo, vi bado imo katika seva nyingi. Ukijikuta ndani yake bila kutaka, bonyeza Esc, andika :q! kisha bonyeza Enter. Utatoka, ila ulichobadilisha hakitahifadhiwa.