Utangulizi wa Filamu za Kutisha

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Mtunzi wa utenzi hakukiparamia kisa chake. Alimtaja Mungu kwanza, akaitisha wino na karatasi, ndipo akaingia vitani. Bibi naye hakutoa hadithi kabla ya kusema "Paukwa" na kuitikiwa "Pakawa". Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi watengenezaji wa filamu za kutisha huko Marekani walivyojipatia ujuzi wa namna hiyo katika sehemu ambayo wengi huidharau, yaani zile dakika za mwanzo ambapo majina ya waigizaji na mafundi huonyeshwa.

Zamani majina hayo yalihesabiwa kuwa orodha tu, na mara nyingine yalimulikwa juu ya pazia ambalo bado halijafunguliwa. Mwaka 1955, ilipotolewa filamu iitwayo The Man with the Golden Arm, mwongozaji wake, Otto Preminger, aliwataka waendesha mitambo wafungue pazia kabla ya majina kuanza. Aliyeubuni utangulizi huo ni Saul Bass. Filamu hiyo haikuwa ya kutisha, lakini ilidhihirisha kwamba utangulizi ni kiungo cha kazi yenyewe.

Bass huyo huyo ndiye aliyebuni utangulizi wa Psycho, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1960. Humo hamna damu wala kisu. Mna mistari tu, ipitayo mbio huku na huko, na majina yanayokatika vipande na kuungana tena. Muziki wa Bernard Herrmann, uliopigwa kwa ala za nyuzi peke yake, haumpi msikilizaji nafasi ya kupumua. Baadaye mtazamaji atatambua kuwa nafsi iliyogawanyika ndiyo kiini cha kisa.

Wengine walitumia upole. Katika Rosemary's Baby ya mwaka 1968, kamera inapita polepole juu ya mapaa ya New York, herufi ni za rangi ya waridi, na sauti ya Mia Farrow inaimba bila maneno wimbo wa kubembeleza mtoto, uliotungwa na Krzysztof Komeda. Utamu huo ndio unaotutia shaka, kwani wimbo wenyewe una huzuni isiyoelezwa.

Wengine tena walitumia subira. Katika Halloween ya mwaka 1978, John Carpenter alionyesha boga lililochongwa sura ya mtu, lenye mwanga ndani, likikaribiwa kidogo kidogo katika giza. Katika Alien ya mwaka 1979, vijistari vinajitokeza kimoja kimoja angani mpaka jina la filamu likamilike. Nayo The Shining ya mwaka 1980 inaonyesha gari dogo likipanda milimani, likitazamwa kutoka juu, huku ukisikika muziki uliojengwa juu ya Dies Irae, wimbo wa kale wa Kanisa wa kuwaombea wafu. Mandhari ni ya kupendeza. Muziki ndio unaotwambia kuwa msafiri huyo anakwenda kwenye msiba.

Tukizilinganisha filamu hizi, tunaona kuwa hakuna hata moja iliyoonyesha jambo la kutisha katika utangulizi wake. Hofu inazaliwa na kile kilichofichwa, na mtazamaji mwenyewe ndiye anayeilea.

Siku hizi mtu akitazama filamu nyumbani huweza kubonyeza kitufe akaruka mwanzo. Afanyaye hivyo hufanana na msikilizaji amwambiaye bibi aache "Paukwa" aanze na zimwi. Zimwi atalipata, lakini hatatetemeka. Tunawashauri walimu wa fasihi wawafundishe vijana kuuchunguza mwanzo wa kila kazi, iwe utenzi, hadithi au filamu, na kuuliza unaandaa nini. Nao vijana wetu watakaotengeneza filamu kesho wakumbuke kuwa ujuzi huu hawana haja ya kuuazima wote ugenini. Sehemu yake wameirithi.