Mofa ya Lamu na Tanuri Lake

Ndugu zetu mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo, mofa mnaijua kwa ladha yake wakati wa futari. Historia yake haisimuliwi sana, nasi tumeona kijitabu cha mwaka huu kiipe ukurasa.

Jina lenyewe limesafiri. Huko Yemen, maneno ya jamii moja na "mofa" hutumika kwa tanuri la udongo, na majirani zetu Wasomali mkate wao wa namna hii huuita muufo. Watu wa Hadhramaut walikuja na majahazi ya kaskazi, wakaoa, wakakaa. Lakini unga ulikuwa wa hapa. Katika karne ya 19 bara ya Lamu ilitoa mtama na simsim kwa wingi, na sehemu yake ilipakiwa kwenda Arabuni. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na anayeisifu mofa bila kuwataja ameacha nusu ya habari. Sheria ilipoondoa utumwa mwaka 1907, mengi yaliachwa yakawa pori. Leo mtama hununuliwa dukani, na ngano ndiyo imetawala meza zetu.

Kamati ilizuru chumba kimoja kinachooka mofa hadi sasa. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyerithi kazi kwa bibi yake. Tanuri ni kama mtungi mkubwa wa udongo, mdomo juu. Kuni huwashwa ndani mpaka zibaki makaa, kisha donge la mtama lililochachuka usiku kucha hubandikwa kwa kiganja kwenye ukuta wa ndani, na mdomo hufunikwa. Ukuta usiposhika joto sawasawa, mkate huangukia makaani. Ukizidi, huungua mgongo. Mama hana saa wala kipimo. Hunyunyiza maji ukutani na kusikiliza yanavyolia.

Tulikula ya moto kwa samaki wa nazi: kavu nje, laini ndani, na uchachu kidogo. Tulionja pia mkate wa mayai uliookwa kwa makaa juu na chini. Ulikuwa mzuri, ila sahani ya mofa ndiyo iliyokwisha kwanza. (Ikipoa huwa ngumu kama kigae, kwa hiyo msiombe kutumiwa Nairobi.)

Matanuri yake ni mawili, na moja limepasuka. Mabinti zake huokea jiko la gesi, ambalo halina ukuta wa kubandika mkate. Kwa hiyo sehemu ya michango ya mwaka huu itajenga tanuri jipya na kumlipa mama awafundishe vijana wa mtaa. Amekubali kwa sharti moja: waje alfajiri, kabla moto haujawashwa, kwa sababu kazi ya kwanza ni kuzoa majivu ya jana.