Wizi wa Madukani na Ulinzi Wake: Kutoka London ya 1699 Hata Siku Zetu

Historia ya biashara huandikwa aghalabu kwa habari za majahazi, kodi, mashamba na mabenki. Ni nadra kuandikwa kwa habari za meza ya dukani, ingawa hapo ndipo mtu wa kawaida hukutana na biashara kila siku ya maisha yake. Nakusudia katika insha hii kueleza jinsi wizi mdogo wa madukani, pamoja na njia za kuuzuia, zilivyobadili desturi ya kununua na kuuza. Mifano yangu mikubwa ni ya Uingereza na Marekani, kwa kuwa habari za huko zimeandikwa kwa wingi; mwishoni nitarejea kwetu kwa maneno machache. Hoja yangu ni moja. Kazi ya kulinda mali ya dukani ilikuwa juu ya muuzaji na sheria. Ikahamishwa kidogo kidogo hata ikamwangukia mnunuzi mwaminifu, naye akaipokea pasipo kuulizwa.

Tuanze na maneno. Kiswahili kina majina mengi ya waizi, na kila moja lina mahali pake. Mnyang'anyi hutumia nguvu; mkwapuzi hukwapua akakimbia; mchopozi hutia mkono mfukoni mwa mwenziwe; mdokozi hutwaa kidogo kidogo, kama mtoto adokoaye nyama chunguni kabla chakula hakijaandaliwa. Wizi wa dukani wakaribiana zaidi na udokozi, kwa sababu mdokozi huwa amekwisha kuingia ndani kwa ruhusa. Waingereza nao walichagua kitenzi chenye maana ya kuinua. Robert Greene, katika vijitabu vyake vya miaka ya 1591 na 1592 juu ya walaghai wa London, alieleza ufundi wa waizi hao wa "kuinua". Na katika karne iliyofuata neno hilo likaunganishwa na duka, likawa jina la wizi wenyewe. Lugha zote mbili hazitaji nguvu wala kuvunja mlango. Zataja mkono mwepesi mbele ya macho ya mwenye mali. Hapo ndipo ulipo ugumu wa jambo hili: mwizi na mnunuzi hufanana sura, mwendo na maneno mpaka dakika ya mwisho.

Duka la London la karne ya 18 lilikuwa na meza kati ya muuzaji na mnunuzi, na mali nyingi ilikaa nyuma ya meza, katika rafu na masanduku. Mnunuzi aliketi, akataja haja yake, akaletewa vitambaa, utepe au soksi, akavitazama na kuvipapasa. Meza hiyo ilikuwa ulinzi wa kwanza. Lakini ilikuwa na udhaifu wake, maana muuzaji hawezi kuuza asichokionyesha. Mwizi hodari aliomba aletewe hiki na kile, akakataa rangi hii na kutaka ile, hata meza ikajaa na macho ya muuzaji yakachoka. Ndipo kipande kimoja kikateremka katika mikunjo ya nguo. Heshima aliyopewa mnunuzi ndiyo iliyokuwa njia ya mwizi.

Wenye maduka walikimbilia sheria. Mwaka 1699 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mtu aibaye dukani kwa siri mali yenye thamani ya shilingi 5 au zaidi atanyongwa. Aliyemkamata mwizi na kumfikisha hatiani alipewa hati ya kumwondolea kazi za lazima za mtaa wake, na hati hiyo iliweza kuuzwa. Basi sheria ilitumia kitanzi kwa upande mmoja na zawadi kwa upande wa pili.

Sheria hiyo ilidhoofishwa na maneno yake yenyewe. Ilidai kwamba wizi uwe umetendwa kwa siri. Na mahakama zikalishika neno hilo kwa maana yake kamili, kwamba ikiwa muuzaji au mtumishi wake aliuona mkono ukitwaa, basi haikuwa siri tena. Lakini pasipo mtu aliyeona, ushahidi ulikuwa haba. Tena juri, yaani watu kumi na wawili walioamua hatia, waliona si haki mtu afe kwa sababu ya kitambaa. Katika mahakama ya Old Bailey mali iliyofahamika kuwa ya thamani kubwa ilipunguzwa ikawa ya shilingi 4 na peni 10, ili mshtakiwa asifike katika kiwango cha mauti. Wengi walipelekwa ng'ambo, kwanza Amerika, kisha Australia. Kiapo kilivunjwa ili roho ipone, na wote mahakamani walijua.

Ukali huo ulimtisha pia asiye mwizi. Mwezi wa Agosti 1799 Jane Leigh-Perrot, bibi mwenye mali, mke wa mjomba wa mwandishi Jane Austen, alishtakiwa katika mji wa Bath kwamba ametoka dukani na kipande cha kimia cheupe cha shilingi 20 pasipo kukilipia. Alikaa kizuizini zaidi ya miezi saba akingoja hukumu, na mnamo Machi 1800 juri la Taunton likamwona hana hatia. Wako waliosema kwamba kimia kile kilitiwa makusudi katika bahasha yake ili atishwe na kutozwa fedha. Vyovyote ilivyokuwa, kesi ile yaonyesha kwamba sheria inayompa mwenye duka uwezo juu ya uhai wa mnunuzi humtia hofuni kila aingiaye, tajiri kwa maskini.

Samuel Romilly, mwanasheria na mbunge, alitaka adhabu hiyo ya mauti iondolewe. Mwaka 1810 mswada wake ulipita katika baraza la wawakilishi, ukakataliwa na Baraza la Malodi, ambako Lord Ellenborough, hakimu mkuu, aliupinga akihofu kwamba wenye maduka watakosa kinga. Romilly alifariki mwaka 1818 kabla ya kuona kazi yake imekamilika. Mwaka 1820 kiwango cha mauti kiliinuliwa hata pauni 15, na mwaka 1823 mauti ikafutwa kwa kosa hili. Maduka ya London hayakufungwa.

Baada ya hapo ulinzi uliingia katika umbo la duka lenyewe. Katika Paris, tangu 1852, Aristide Boucicaut aliliendeleza duka la Le Bon Marché kwa desturi mpya: bei zisizobadilika, ruhusa ya kuingia pasipo kulazimika kununua, na mali iliyotandazwa ili iguswe. Emile Zola alilichukua duka la namna hiyo kuwa kiini cha riwaya yake ya 1883, na humo yumo mama wa nasaba bora aibaye kimia. Madaktari nao walikwisha kutafuta jina la hali ya mwenye fedha aibaye asichokihitaji. André Matthey wa Geneva alilitunga jina la ugonjwa huo mwaka 1816. Basi maskini aliyeiba aliitwa mwizi, na tajiri aliyeiba akaitwa mgonjwa.

Hatua iliyo kubwa kuliko zote ilitokea Marekani. Tarehe 6 Septemba 1916, Clarence Saunders alifungua katika mji wa Memphis duka la vyakula lililoitwa Piggly Wiggly. Kabla yake mnunuzi alimpa karani orodha, karani akaleta vitu. Saunders aliiondoa meza. Mnunuzi alipita mlango wa kuzunguka, akachukua kikapu, akafuata njia moja iliyopinda kati ya rafu, akajitwalia alichotaka, akatokea mahali pamoja tu, mbele ya mpokea fedha. Mwaka 1917 Saunders alipata hataza ya mpango huo. Faida yake ilikuwa dhahiri: makarani wachache, bei iliyoandikwa juu ya kila kitu, na vyakula vya bei nafuu. Lakini tutazame ile njia moja yenye mlango wa kuingilia na wa kutokea. Meza haikutoweka, ila ilinyooshwa ikawa ukuta kumzunguka mnunuzi. Zamani mali ndiyo iliyozuiwa. Sasa aliyezuiwa ni mtu.

Yaliyofuata ni matawi ya shina hilo. Katika miaka ya 1960 Arthur Minasy wa New York na Ronald Assaf wa Ohio, kila mmoja kwa njia yake, walitengeneza vibandiko vinavyoamsha king'ora mlangoni visipoondolewa na muuzaji. Zikaja kamera, vioo vya pembeni na walinzi waliovaa kama wanunuzi. Karani asahaupo kukiondoa kibandiko, king'ora humlilia aliyekwisha kulipa, naye husimama mbele ya watu akifungua mfuko wake. Samaki mmoja akioza huoza wote, wasema wahenga. Na hapo mnunuzi hupimwa kwa uozo wa samaki asiyemjua.

Katika miji mingi ya Marekani, tangu miaka ya 2020, dawa za meno, sabuni na nyembe zimefungiwa nyuma ya vioo vya plastiki. Mnunuzi hubonyeza kengele, akangoja mtu mwenye ufunguo. Meza ya zamani imerudi, lakini karani hakurudi pamoja nayo. Hofu iliyoleta kufuli hizo ilikuwa na msingi, ila ilikuzwa pia. Mwaka 2023 chama kikuu cha wenye maduka nchini humo kilichapisha kwamba karibu nusu ya hasara ya dola bilioni 94.5 ya mwaka 2021 ilisababishwa na magenge ya wizi. Mnamo Desemba 2023 kikaliondoa dai hilo, kwa kuwa halikuwa na ushahidi. Uchunguzi wa chama hicho hicho ulikwisha kuonyesha kwamba wizi wa watu wa nje ulikuwa kama asilimia 37 ya hasara hiyo, na sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na wizi wa wafanyakazi na makosa ya hesabu. Kikulacho ki nguoni mwako. Walakini kufuli huwekwa upande wa mnunuzi.

Kwetu neno duka lina jamaa zake katika Kiarabu, dukkan, na katika lugha za Kihindi. Na kwa Kiarabu neno hilo lina maana pia ya kibaraza cha kukalia. Katika mitaa mingi ya Nairobi na Dar es Salaam mwenye duka hukaa nyuma ya wavu wa chuma, akapokea fedha na kutoa unga kupitia kitundu. Mgeni atadhani hapo hakuna kuaminiana. Lakini nyuma ya wavu huo aghalabu lipo daftari la madeni, lenye majina ya majirani waliochukua sukari leo ili walipe mwisho wa mwezi. Wavu humzuia asiyejulikana. Daftari humtambua anayejulikana. Katika duka kubwa la kujihudumia mambo ni kinyume: rafu ziko wazi kwa wote, na jina la mnunuzi halijulikani kwa yeyote, kwa hiyo mfuko wake huachwa mlangoni na risiti yake hukaguliwa atokapo.

Naona basi kwamba swali la kuuliza juu ya kila ulinzi wa dukani si kama unapunguza wizi tu, bali nani anaulipia. Wizi ni dhuluma kwa mwenye duka, hasa mdogo, ambaye debe moja la mafuta lililopotea laweza kuwa faida yake ya siku nzima. Hana budi kujilinda. Lakini gharama ya ulinzi huo huandikwa katika hesabu zake kwa bei ya kufuli na mshahara wa mlinzi, wala haiandikwi humo saa za mnunuzi anayengoja ufunguo, wala haya ya yule anayefunguliwa mfuko bure. Juri za London zilipoona adhabu imezidi kosa, zilipunguza shilingi 5 zikawa 4 na peni 10. Mnunuzi wa leo asimamaye mbele ya kioo kilichofungwa hana juri. Hana ila miguu yake ya kumpeleka duka jingine, na mahali ambapo hakuna duka jingine, hata hiyo hana.