Marimba ya Makumbusho ya Uganda

Tunapogawiana nyimbo tulizozipenda, tusiisahau Makumbusho ya Uganda. Mhifadhi wake, Klaus Wachsmann (1948–1957), alizunguka nchini akirekodi waimbaji na wapigaji ala. Hapo makumbusho ala hazikukaa kabatini tu. Wageni walizisikia zikipigwa, na fundi mashuhuri alikuwa Evaristo Muyinda.

Mwishoni mwa 1959 alifika Gerhard Kubik, kijana wa Austria. Muyinda akamfundisha amadinda, marimba ya Kiganda yenye vibao 12. Wapigaji wawili hupishana, pigo la huyu likiingia katikati ya mapigo ya yule. Wa tatu hurudia juu sauti anazozisikia zikiibuka chini. Kubik aliandika kwamba msikilizaji husikia tuni ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga. (Walimu wa fonolojia, jaribuni darasani!)

Mei 1966 Lubiri ilishambuliwa, wanamuziki wa Kabaka wakatawanyika. Waliokuwa wamefundishana kwa sikio wakabaki wachache. Nakala za rekodi za Wachsmann zilirudishwa Makerere kutoka London miongo kadhaa baadaye.