Somo la Historia: Jinsi Uvimbe wa Ubongo Ulivyopewa Majina

Shikeni kalamu, maana leo yako majina matatu magumu ya kuandika.

Tutasoma habari za uvimbe unaoanzia kichwani penyewe, si ule unaotoka kwenye pafu au titi ukasafiri hata ubongoni. Zamani mgonjwa wa namna hii hakuwa na tumaini. Fuvu la kichwa ni kama sanduku gumu. Uvimbe ukikua ndani yake, ubongo hubanwa, na aliye nje haoni kitu.

Twendeni London, mwaka 1884. Kijana mmoja wa miaka 25, mkulima kutoka Scotland, alikuwa akishikwa na kifafa upande wa kushoto, kisha mkono ukapooza. (Kwetu wengi wangesema ni pepo.) Picha za eksirei hazikuwapo, zilivumbuliwa mwaka 1895. Lakini Dkt. Alexander Hughes Bennett alikuwa na elimu mpya. Daktari mwingine, David Ferrier, alikuwa amepima ubongo wa nyani, akaona ya kuwa kila sehemu ina kazi yake, na upande wa kulia ndio unaoendesha mkono wa kushoto. Basi Bennett akaonyesha mahali upande wa kulia wa fuvu, akasema uvimbe uko hapa. Tarehe 25 Novemba mpasuaji Rickman Godlee akafungua papo hapo, akaukuta. Kifafa kikamwacha mgonjwa. Baada ya siku 28 akafa, kwa kuwa kidonda kiliingia vijidudu.

Hivyo ilijulikana kwamba uvimbe waweza kutafutwa bila kuonekana. Likabaki swali la pili: kwa nini mmoja akipasuliwa huishi miaka mingi, na mwingine hurudiwa na ugonjwa upesi?

Aliyelishughulikia sana ni mpasuaji wa Marekani, Harvey Cushing. Mwaka 1910 alimpasua jemadari Leonard Wood. Wood alirudi kazini, akawa mkuu wa jeshi la Marekani, tena gavana wa Ufilipino. Uvimbe ukamrudia, na mwaka 1927 akafa baada ya kupasuliwa tena. Hata hivyo, miaka 17 si haba! Uvimbe wake ulianzia kwenye ngozi nyembamba zinazoufunika ubongo. Huusukuma ubongo, lakini kwa kawaida hauchanganyiki nao. Mwaka 1922 Cushing aliuita meninjioma. Andikeni. Katika watu wazima ndio unaopatikana kuliko wote.

Aina nyingine huota ndani ya ubongo wenyewe. Cushing na mwenzake Percival Bailey walichunguza uvimbe wa namna hii zaidi ya 400 kwa darubini, wakilinganisha sura ya chembe na maisha ya kila mgonjwa baada ya kupasuliwa. Kazi ya uvumilivu mkubwa. Mwaka 1926 walitoa kitabu. Mkali kuliko wote ni glioblastoma. Huo ni kama ndago shambani: waking'oa, kumbe mizizi imekwisha kwenda mbali. Hata leo wengi wa wagonjwa wake hawafikishi miaka miwili.

Jina la tatu ni meduloblastoma, uvimbe wa watoto zaidi, unaoota nyuma ya kichwa, kwenye ubongo mdogo unaotusaidia kutembea bila kuyumba. Siku za Cushing karibu watoto wote hao walikufa. Siku hizi, penye upasuaji, mionzi na dawa, walio wengi hupona. Lakini jina lisipojulikana, daktari hajui ampe mtoto matibabu gani.

Majina yenyewe hayajakoma kubadilika. Katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, darubini peke yake haitoshi. Hutazamwa pia jeni, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya chembe.

Kazi ya darasani: andikeni majina matatu, na mbele ya kila jina mseme uvimbe huo huanzia wapi.